Mikono Miwili ya Kushoto

Kiwandani tulimwita Mkasi na hakuchukia. Alikuwa mkataji wa sare: makoti ya wauguzi, ovaroli za mafundi, mashati ya walinzi. Sisi tuliosimama naye meza moja tulijua kwamba hapendi maneno mengi, na kwamba kitambaa kikiingia mikononi mwake hakipotei bure. Zaidi ya hapo tulijua amechoka. Alikuwa na uchovu wa watu wenye kazi mbili, moja ya mshahara na nyingine ya nyumbani, na hiyo ya nyumbani haina likizo.

Wakataji wageni wana kosa lao moja. Kitambaa kina uso na mgongo, na shati lina mkono wa kulia na wa kushoto. Ukishakata mmoja, ni lazima uigeuze pateni, ile karatasi ya kipimo, kabla hujakata wa pili. Ukisahau, unapata mikono miwili ya kushoto, na binadamu wa kuivaa hajazaliwa. Mgeni akijitetea kwamba yote ni mikono tu, Mkasi alimnyooshea viganja vyake viwili vikitazamana. "Hawa ni pacha," alisema. "Haya, chukua kiatu cha huku ukivae huku." Kisha akarudi kwenye chaki yake. Nalitaja neno hilo mapema, pacha, kwa sababu ndilo lililokuja kumponza yeye mwenyewe.

Tajiri alipotangaza kwamba kiwanda kinahamia jimbo jingine, alisema tunapanuka. Sisi tukatazamana. Mwenye kiwanda akisema tunapanuka, ujue kuna wa kubanwa, na si yeye. Anayetaka kazi afuate, asiyetaka achukue chake aende zake. Wengi wetu tulifuata, maana tumbo halina jimbo. Tukapewa ruhusa ya kwenda kutafuta pa kukaa, na kwa watu kama mimi hilo halikuwa jambo kubwa. Bati lisivuje, maji yatoke, jirani asipige muziki mpaka kuta zitetemeke, basi, nimehamia.

Mkasi alikuwa na mama yake.

Mama huyo alikuwa haoni. Hakuzaliwa hivyo. Macho yalimfifia polepole, kama taa inayoishiwa mafuta, na kabla hayajazimika kabisa alikuwa ameshaisoma nyumba yote kwa mkono. Ukitoka chumbani kwake, mkono wa kulia ukutani, mlango unaoukuta ni msalani. Ng'ambo yake, kushoto, ni jikoni. Mbele ni sebule. Alikwenda msalani mwenyewe, alioga mwenyewe, alichemsha chai mwenyewe na kuimimina kwa kusikiliza, kikombe kikikaribia kujaa sauti inabadilika naye anaacha. Ole wako usogeze kiti. "Aliyesogeza kiti kasogeza macho yangu," aliniambia siku moja nilipowatembelea, nami nikakirudisha haraka, kana kwamba nilikuwa nakiiba.

Lakini alikuwa ameweka sharti, na alilisema mara kwa mara ili lisisahaulike. "Mwanangu, siku nitakayoshikwa mkono kupelekwa msalani, siku hiyo hiyo nifungie mizigo yangu niende kwa kaka yako."

Huyo kaka hakuwa mtu mbaya, na ugumu ulikuwa hapo hapo. Angekuwa mbaya, mama asingemtaja. Alikuwa na nyumba kubwa mbali sana, mke mpole, na msichana wa kazi ambaye angemshika mama mkono kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kila alipopiga simu aliuliza, "Bado anatembea mwenyewe?" Na Mkasi alijibu, "Mwenyewe, kaka." Alijua mama akienda kule atakalishwa kitini, atalishwa, atapendwa sana, na ataisha. Na yeye atabaki anafungua mlango jioni bila wa kumuuliza mbona umechelewa. Aliniambia kwamba hilo la pili ndilo lililomtisha zaidi, na sikumlaumu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama na mkasi.

Kwa hiyo alipopanda basi kwenda kwenye jimbo lile, hakuwa anatafuta nyumba nzuri. Alikuwa anatafuta nyumba ambayo mkono wa kulia ukiwa ukutani, mlango ni msalani.

Dalali aliyempokea tulikuja kumwita Hapo Tu, sote aliotutembeza. Kwake kila kitu kilikuwa hapo tu. Kiwanda hapo tu, soko hapo tu, zahanati hapo tu, na ukimfuata unatembea mpaka kisigino kinalia. Alikuwa na kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa kali, na alikuwa na methali ya kila mteja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofani, ngazi zimesimama wima na hazina pa kushika. Mkasi alizitazama kutoka chini, akasema hapana. "Dada, hata hujapanda," Hapo Tu alisema. "Mama yangu naye hatapanda," alijibu. Ya pili ilikuwa chini, ila choo kilikuwa uani, cha wapangaji wote, na njia ya kwenda huko ilikatizwa na kamba za kuanikia nguo, kamba juu ya kamba, zote usawa wa shingo. Ya tatu ndiyo aliyojivunia dalali. Alifungua mlango, akapanua mikono. Sebule ilikuwa pana kama uwanja, na jiko limo humo humo bila ukuta. "Hewa," alisema. "Nafasi. Unaona?" Mkasi aliona. Aliona mama yake amesimama katikati ya hewa hiyo bila kitu cha kushika.

Zilifuata nyingine, na katika kila nyumba aliyoingia alifanya jambo moja. Aliingia chumba cha kulala, akafumba macho, akaweka mkono wa kulia ukutani, akatembea. Hapo Tu alipomwona hivyo mara ya kwanza alivua kofia, akainamisha kichwa, akasubiri amalize kuomba. Mara ya pili alivua tena. Mara ya tatu alimuuliza kwa heshima ni dhehebu gani hilo.

"Natafuta choo," Mkasi alisema.

"Choo si kile pale, dada yangu?"

"Nakitafuta bila macho."

Akamweleza habari za mama. Hapo Tu alinyamaza kwa hatua kadhaa, jambo ambalo kwake lilikuwa kama mfungo, halafu udalali ukamrudia. "Sawa. Lakini nikuambie kama kaka yako. Mchagua nazi hupata koroma."

Siku ya pili miguu ilivimba. Aliniambia kwamba mchana ule alikaa kwenye kijiwe mbele ya duka la vipuri akavua viatu, na akawaza kwamba labda mama ana haki ya kwenda kwa kaka. Labda ni yeye anayemng'ang'ania, kisha anauita ung'ang'anizi huo huduma. Akakaa na wazo hilo mpaka Hapo Tu aliporudi na soda mbili, akasema imebaki moja, ni hapo tu.

Safari hii ilikuwa kweli hapo tu. Ilikuwa nyumba ya chini, moja iliyogawanywa mara mbili kwa ukuta wa katikati, milango miwili ya mbele, madirisha mawili yenye nondo zilezile. Upande mmoja ulikuwa na mpangaji, mpiga rangi wa magari, na upande wa pili ulikuwa mtupu. Tatizo ni kwamba ufunguo wa upande mtupu alikuwa nao mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amesafiri.

"Si neno," Hapo Tu alisema. "Tutazame hii ya jirani. Ni pacha."

Mpiga rangi alitoka na kitambaa kilichojaa madoa, akawaangalia, akawapisha. Mkasi aliingia mpaka chumba cha ndani, akaomba radhi kwa mke wa mtu aliyekuwa anakunja nguo za mtoto, akafumba macho. Mkono wa kulia ukutani. Akatembea. Mlango. Akausukuma, akasikia harufu ya sabuni na bomba linalodondosha. Papo hapo akanyoosha mkono wa kushoto, na ng'ambo yake palikuwa na joto la jiko. Mbele ilikuwa sebule. Hakukuwa na kizingiti hata kimoja.

Alikaa kwenye kiti cha watu bila kukaribishwa. Alisema hakulia, na mimi simwamini.

"Na ile ya pili?" aliuliza.

"Ni hii hii. Si nimekwambia ni pacha?"

Hebu mtazame mtu aliyechoka. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiwaambia wageni kwamba pacha hutazamana, hawafanani, alilisikia neno hilo kwa masikio yake, akatikisa kichwa kukubali, akashukuru. Angekuwa amelala vizuri angecheka. Hakuwa amelala vizuri tangu tajiri alipotangaza kwamba tunapanuka.

Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Nimepata."

"Ikoje?"

"Kama hii. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto."

Mama alichukua kikombe chake. "Basi mwambie kaka yako asipake rangi kile chumba," alisema. Kumbe kaka alikuwa ameanza kumwandalia chumba. Mkasi hakujua.

Tulihama kwa malori. Mama alikaa mbele na dereva, akamwelekeza namna ya kuendesha, mpaka dereva akawa anaitikia, "Ndiyo, mama," kila gia. Tulifika mchana wa jua. Mwenye nyumba alikuwepo, akatoa ufunguo, akaaga. Mimi nilikuwepo pia, nimebeba sufuria zao, kwa hiyo hili niliona mwenyewe.

Mkasi aliingia na wapagazi, godoro likiwa kichwani mwa mmoja na miguu ya kitanda mikononi mwa mwingine. Nilimwona anasita kidogo mlangoni, kama mtu aliyevaa blauzi ya kukopa. Lakini wapagazi walikuwa wanauliza kabati wapi, meza wapi, na jasho linatoka, akaendelea kuelekeza. Kitanda cha mama kikawekwa chumba cha ndani. Mama akaingizwa, akaketi juu yake, akagusa ukuta.

"Safari ilikuwa ndefu," alisema. "Nakwenda msalani. Niacheni mwenyewe."

Tukamwacha. Akasimama, mkono wa kulia ukutani, uso umeinuliwa, anatabasamu kidogo kwa harufu ya rangi mpya. Akafika mlangoni, akausukuma, akaingia. Tukasikia kidole kinagonga kitu cha chuma, mara moja, mara mbili.

"Mwanangu," alisema kutoka ndani. "Hapa pana sinki la vyombo."

Mkasi alikuwa ameshika sanduku. Aliliweka chini. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaangalia ule ukuta wa katikati, ambao nyuma yake mpiga rangi alikuwa anamtuliza mtoto. Nikaona viganja vyake vinainuka vyenyewe mpaka vikatazamana.

"Nimekata mikono miwili ya kushoto," aliniambia.

Nilimshauri akamwombe mpiga rangi wabadilishane. Akaniuliza nani ataenda kumwambia mtu mwenye kabati alilolijenga ukutani kwa mkono wake, na mke aliyejifungua juzi, kwamba hama, mama yangu anatafuta choo. Nguvu za kutafuta nyumba nyingine hakuwa nazo. Hapo Tu alipopigiwa simu alisikitika sana, akasema pacha ni pacha.

Jioni ile mama alikwenda msalani kwa kuelekezwa na sauti, mkono wake wa kushoto ukutani. Hakushikwa. Mkasi alitembea nyuma yake amekunja mikono kifuani ili isimponyoke ikaenda kumshika. "Huu mkono wa kushoto hauna akili," mama alisema. "Nimeulea bure."

Siku zilizofuata Mkasi alikuja kazini macho mekundu. Kiwanda kipya kilikuwa na meza ndefu zaidi na msimamizi mkali zaidi, na ilimbidi awahi. Alimwacha mama na chai kwenye chupa, maana kuichemsha mwenyewe mama alikuwa ameacha baada ya birika kuanguka. Alikuta michubuko kwenye muundi, akaulizia, akaambiwa ni mbu. Alikuta mama hanywi maji tena mchana, na hilo halikuhitaji kuuliza. Asiyekunywa hana sababu ya kwenda popote.

Kaka alipopiga simu, mama alimnyang'anya bintiye simu. "Nyumba nzuri," alisema. "Kama ile ile. Natembea tu." Mkasi alisikiliza mama yake akidanganya kwa sauti ya furaha, na akaona aibu, kisha akapata tumaini, kisha akaona aibu ya hilo tumaini. Alinisimulia hayo tukiwa tunatandaza kitambaa, na mikono yake haikusimama hata kidogo.

Halafu ikaja alasiri ambayo umeme ulikatika kiwandani tukarudishwa mapema. Alifungua mlango, akaita, mama akaitikia kutoka chumbani. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa vizuri, kilemba kimefungwa, mikono magotini. Kandambili zake zilikuwa zimevaliwa kinyume, ya kulia mguu wa kushoto, ya kushoto mguu wa kulia, vidole vinatazama nje kama vya bata.

"Mama, umekosea kandambili."

"Sijakosea. Nimezigeuza makusudi. Nikisimama miguu inanikumbusha kwamba kila kitu kimegeuka."

"Na inasaidia?"

"Inauma. Nimekaa hapa tangu ulipoondoka. Nimefika mlangoni nikarudi. Nikafika tena nikarudi. Nimeogopa nikienda mara ya tatu nitaingia jikoni nigonge jiko."

Mkasi alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Alikuwa anatazama lile sanduku la mama kwenye kona, ambalo hawakuwa wamelifungua lote, na aliwaza kwamba hata kazi ya kufunga mizigo haitakuwa kubwa. Alisubiri mama aseme. Mtu akiweka sharti, analitimiza, na mama yake hakuwa mtu wa kubadili kauli.

"Mwanangu," mama alisema.

"Abee, mama."

"Nishike mkono. Nimebanwa."

Mkasi aliinuka polepole. Alimvua kandambili, akamvisha sawasawa, na mama hakubisha. Alinyoosha mkono, kisha akasita.

"Nishike upi?"

"Wa kulia. Huo umejifanya mjuaji miaka yote, upumzike. Wa kushoto niachie ukutani ujifunze."

Wakaanza kwenda. Walikuwa hawajafika mlangoni simu ya Mkasi ikalia mfukoni. Aliitoa, akaona ni nani, akasimama.

"Ni kaka," alisema. "Nitamwambia nini?"

Mama alikuwa ameshagusa ukuta kwa mkono wa kushoto, anaupapasa, anatafuta mlango. Ule wa kulia aliukaza kwenye vidole vya bintiye.

"Mwambie mama amekwenda msalani," alisema. "Nani kakuuliza nimekwenda na nani?"